Jibu: Craigievar, chini ukuta mtupu, juu mbwembwe

Ndugu, umeuliza kama kasri la Craigievar kule Uskoti lilijengwa na watu wawili, maana chini ni ukuta mtupu na juu limejaa vijinara. Nusu umepatia. Mfanyabiashara William Forbes alilinunua mwaka 1610 kwa akina Mortimer, ukoo ulioanza kulijenga, jengo likiwa halijakwisha, akalimaliza 1626. Ila utupu wa chini ni desturi ya nyumba za mnara za huko: mlango mmoja, madirisha machache, adui asipate pa kupenya. Mapambo yote yanapelekwa juu. Ukoo wa Forbes ulikaa humo hadi miaka ya 1960.

Lipu nayo ina kisa. Saruji iliyopakwa baadaye ilifungia unyevu ukutani, ikabanduliwa, chokaa ikarudishwa. Mafundi wa Lamu wala wasingeshangaa.