Magnum ya Kwanza kwa Mwindaji wa Nyati

Kila msimu unapokaribia kufunguliwa, vijana wanaojiandaa kuwa wawindaji bingwa hapa Tanzania huniuliza wanunue magnum ipi, yaani bunduki ya risasi yenye nguvu kuliko za kawaida, nami huwajibu .375 (tarakimu hizo ni kipenyo cha risasi kwa inchi) H&H, risasi iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Neno magnum lenyewe liliazimwa kwenye chupa kubwa za shampeni, kwa hiyo lisikutishe wala lisikulevye.

Kwa nyati na tembo, .375 ndiyo kima cha chini kinachokubalika nchini, na wageni wengi wakisikia kima cha chini hudhani ni risasi dhaifu, wakakimbilia .458 iliyo nene zaidi. Hapo ndipo matatizo huanzia. Kichwa cha .375, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, chenye uzito wa gramu 19 hivi hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kuyafikia mapafu ya nyati, mradi umempiga mahali panapostahili. W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaangusha wengi kwa bunduki ya risasi nyembamba ya milimita 7. Sikwambii umuige, maana sheria haitakuruhusu. Nataka utambue kwamba alijua ubongo wa tembo ulipo.

Kabla hujalipia kitu, jipime bega kama linahimili teke la bunduki. Mkiwa uwanja wa shabaha, mwombe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ganda la mazoezi lisilo na baruti. Ukifyatua ganda hilo na mtutu ukazama chini, ujue umeshtuka kabla ya mlio, na kila risasi yako porini itapiga chini vivyo hivyo. Nimewaona watu wazima, wenye bunduki za thamani kubwa, wakifumba macho kabla hata hawajagusa kifyatulio. Anayeshtuka na .375 hataponywa na .416 Rigby, ambayo kichwa chake kina gramu 26 na teke lake utalikumbuka hadi kesho yake.

Aina ya kichwa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Risasi laini hupanuka ndani ya mwili na ndiyo ninayotaka iwe ya kwanza kwa nyati, ilimradi imeundwa imara isisambaratike kwenye mfupa wa bega. Risasi ngumu haipanuki, hupenya moja kwa moja. Katikati ya kundi hiyo ngumu ni hatari, kwa kuwa inaweza kumtoboa uliyemkusudia ikamjeruhi aliyesimama nyuma yake, na huyo wa pili ndiye mtakayemfuata vichakani na askari wanyamapori mpaka jua linazama.

Kwa kongoni, nyumbu na palahala, .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 inafaa sana, hasa kwenye mbuga zilizo wazi. Ila kama fedha zako zinatosha bunduki moja tu, .375 itafanya kazi hiyo pia. Tena risasi zake hupatikana kambi nyingi, jambo utakalolithamini siku sanduku lako litakapopotelea uwanja wa ndege huku mteja ameshawasili kwenye kitalu cha uwindaji.