Katapila Kubwa Kuliko Yote Si Katapila

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu ni opereta wa mitambo katika ujenzi wa barabara, naye ameapa kwamba hakuna buldoza duniani linaloizidi D11 ya Caterpillar. Mimi niliwahi kusikia kwamba lipo kubwa zaidi. Tuamulie, kisha utueleze madude hayo yanafanya kazi gani hasa, maana huku kwetu hatujayaona. *Msomaji wenu, Kahama.*

JIBU: Shemeji yako amekosa, ingawa kosa lake linasameheka. Tangu kampuni ya Caterpillar ilipoundwa nchini Marekani mwaka 1925, jina lake limesambaa hadi likawa kwetu jina la kila mashine ya cheni yenye bamba la kusukumia mbele, hata ikiwa imetoka Japani. Na ni Japani ndiko lilikotoka buldoza kubwa kuliko yote yaliyowahi kuingizwa sokoni, yaani Komatsu D575A, lililoanza kuuzwa mwaka 1991. Toleo lake la D575A-3 SD lina uzito wa tani 152 na ushei, injini yenye nguvu za farasi 1,150, na bledi, yaani lile bamba la kusukumia, lenye upana wa meta 7.4 na kimo cha zaidi ya meta 3, kiasi kwamba mtu mrefu akisimama mbele yake na kunyoosha mkono juu hafikii ukingo. Kwa mkupuo mmoja linasukuma hadi meta za ujazo 69, mzigo ambao lori la mchanga la tairi kumi lingeuhamisha kwa safari tano au zaidi. D11 ya shemeji ina tani 104 hivi na farasi 850, na bledi lake la kawaida huchukua takriban nusu ya mzigo huo.

Hata hivyo usimcheke sana, kwa sababu na wewe unaweza kubanwa. Katika miaka ya 1980 Mwitaliano Umberto Acco alijenga, katika mji wa Portogruaro, buldoza moja tu lenye uzito wa tani 183 na injini mbili zenye jumla ya farasi 1,300. Lilikusudiwa kupelekwa Libya, lakini vikwazo vya biashara dhidi ya nchi hiyo vikalizuia kusafirishwa. Kwa hiyo lililo zito kuliko yote halikupata hata kuifikia kazi lililoundiwa. Mimi ubingwa nausalimisha kwa lile la Komatsu, lililotoka jasho.

Jasho hilo lilitoka hasa kwenye migodi ya wazi ya makaa ya mawe, ikiwamo ile ya milima ya West Virginia nchini Marekani. Huko makaa hulala chini ya tabaka nene la miamba na udongo, na kabla ya kuyafikia ni lazima tabaka hilo liondolewe. Wachimbaji hulipua mwamba kwa baruti kwa namna ambayo sehemu yake hurushwa yenyewe hadi kwenye shimo la jirani ambalo makaa yake yamekwisha kuchukuliwa, kisha mabuldoza husukumia humo kilichobaki. Makaa yakiisha, mabuldoza hayohayo hurudi kusawazisha, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inamtaka mchimbaji airudishe ardhi karibu na umbo lake la awali. Pale ambapo mwamba si mgumu kiasi cha kuhitaji baruti, buldoza huteremsha ripa, lile jino kubwa la nyuma, likalizamisha zaidi ya meta moja ardhini na kuupasua mwamba huku likitembea.

Watu wengi hudhani siri ya mashine hizi ni injini. Injini bila uzito ni kazi bure, kwa sababu cheni zitateleza na kuzunguka papo hapo. Buldoza haliwezi kusukuma kwa nguvu kubwa kuliko mshiko wa cheni zake ardhini, na mshiko huo hutokana na uzito. Ndiyo maana tani zimeongezwa sambamba na farasi.

Baada ya hapo inabaki akili ya opereta. Mkono wake wa kushoto huongoza cheni na gia, wa kulia hucheza na bledi, na mara nyingi hukijua kina cha bledi kwa mtikisiko wa kiti kabla ya kukiona kwa macho. Opereta mzoefu hasukumi ovyo kwenye uwanja mpana, kwa kuwa udongo humwagika pembeni mwa bledi na nusu ya safari inapotea. Hupita njia ileile tena na tena hadi inakuwa mfereji wenye kingo mbili. Kingo hizo huuzuia udongo usimwagike, na bledi lilelile hufika mwisho wa safari likiwa limejaa. Akipata mteremko, ndiyo bahati yake.

Leo D575A halitengenezwi tena. Kwa maoni yangu sababu haiko mbali: dude la namna hiyo halipandi lori likiwa zima, bali hufunguliwa vipande, husafirishwa kwa malori kadhaa na kuungwa tena mgodini kwa kreni, na siku likiharibika, kazi yote hulala. Mwenye D11 mbili, moja ikienda gereji nyingine inaendelea kusukuma. Kwa hiyo shemeji yako, akisema D11 ndiyo kubwa kuliko zote zinazotoka kiwandani Caterpillar, mpe haki yake.

SWALI: Marehemu babu alikuwa akisimulia kwamba Wazungu wa karanga, pale Kongwa, waliangusha pori kwa mnyororo wa meli. Alikuwa akitutania? *Msomaji, Dodoma.*

JIBU: Hakuwatania. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza Tanganyika mwaka 1947, na katika kufyeka pori walifunga mnyororo mzito wa nanga kati ya mashine mbili za cheni, zikaenda sambamba huku mnyororo ukilaza vichaka na miti katikati. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya kijeshi iliyobaki baada ya vita, na mengine, yaliyoitwa Shervick, yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kulaza pori kuliwezekana, ila mizizi na udongo wa Kongwa, ambao jua huukausha ukawa mgumu kama saruji, viliwashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mbinu ya mnyororo haikuachwa: wafugaji wa Queensland, Australia, waliitumia sana baadaye kuangusha misitu yao, mashine mbili na mnyororo katikati, vilevile alivyosimulia babu yako.