Jibu: Zile filamu za askari wakipanda meli ni za kweli?

Ndugu, umeuliza kama filamu za askari wa Uingereza wakipanda meli kwenda Vita vya Makaburu (Afrika Kusini, 1899–1902) ni za kweli, na mbona mapigano yenyewe hatuyaoni. Za bandarini kwa kawaida ni za kweli. Kwa mapigano, tatizo lilikuwa kamera. Mpiga filamu William Dickson aliondoka bandari ya Southampton, Uingereza, tarehe 14 Oktoba 1899 na meli ya Dunottar Castle, ileile iliyomchukua Jenerali Buller, kamanda wa majeshi ya Uingereza, na kijana Winston Churchill. Kamera yake ya kampuni ya Biograph iliendeshwa kwa mota na betri. Kule Afrika Kusini ilibidi ivutwe kwa mkokoteni wa farasi. Mzigo kama huo hukimbii nao risasi zikilia! Gatini ni rahisi: mwanga upo, unaisimika kamera mahali pamoja, watu wanapita wenyewe mbele yake.

Ukiona mapigano ya karibu sana, kila anayepigwa anaanguka katikati kabisa ya picha, shuku. Mengi yaliigizwa. Watengenezaji filamu Mitchell na Kenyon walitengeneza ya kwao hukohuko Uingereza, upande wa Blackburn.

Itazame tena polepole filamu ya askari wakipanda meli. Tafuta askari anayegeuka ngazini, begi begani, akaitazama kamera kidogo kabla hajasukumwa na wa nyuma yake. Mimi hapo huisimamisha kila mara. Askari wa upande wa Uingereza wapatao 22,000 walikufa katika vita ile, wengi wao kwa magonjwa, hasa homa ya matumbo.