Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya, Itazame Kache ya SQLite

Jana usiku kijana mmoja wa Wete kaniandikia. Programu ya duka lao la jumla inatumia SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, ripoti ya jioni inakwenda kwa kusuasua, na tajiri wake anataka kununua kompyuta mpya. Nimemwambia asubiri kwanza.

Mimi yalinikuta Chake Chake, Ramadhani ikikaribia, kwenye stoo ya mchele na unga. Programu waliandika watu wengine. Nilipotaja kache, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoweka data iliyokwisha kusomwa ili isisomwe tena kutoka diski, mwenye duka akanikata kauli mbele ya wafanyakazi wake: "Wewe mtoto wa hapa hapa utajua nini?" Akaagiza kompyuta kutoka Unguja. Ikaja, ikawashwa, na ripoti ikabaki nzito vile vile.

Niliposoma msimbo nikaona wazi: kila mstari wa ripoti ulifungua hifadhidata, ukasoma, ukaifunga. Na kache ya SQLite ni ya muunganisho mmoja mmoja, yaani kila programu inapofungua hifadhidata inapata kache yake. Muunganisho ukifungwa, kurasa zote (vipande vya data vya ukubwa mmoja) zilizokwisha kusomwa zinakwenda nao, na unaofuata unaanza mikono mitupu. Ni sawa na kurudi stoo kwa kila kilo ya sukari wakati gunia lingekaa chini ya kaunta. Nikaacha muunganisho mmoja wazi tangu asubuhi mpaka kufunga duka. Ripoti ikatoka papo hapo.

Ukubwa wa kache nikaushughulikia baadaye. Tangu toleo 3.12.0 la mwaka 2016, ukurasa ni baiti 4096 na kache ni kama MB 2 tu usipoigusa. Niliandika `PRAGMA cache_size = -64000;` na hiyo alama ya kutoa ichunge sana. Ukiiweka, unahesabu kilobaiti, yaani kama MB 64. Ukiisahau, unahesabu kurasa, na kurasa 64000 ni karibu MB 250. Amri hii haidumu. Irudie kila unapofungua muunganisho. Wala usijaze RAM yote, kwa sababu mfumo endeshi nao una kache yake ya mafaili, na ukiunyima nafasi utasoma diski zaidi.

Mwenye duka akawatangazia watu kuwa kompyuta mpya ndiyo iliyofanya kazi. Mpaka leo linaniuma. Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu wa Unguja na Pemba: pimeni, wekeni namba mezani, msimwachie mtu nafasi ya kuwadharau. Elimu hii iko wazi kwa kila mtu, na sisi tunaiweza. Someni vyombo mnavyovitumia!

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Wete, fungua programu ya `sqlite3`, andika `.stats on`, kisha endesha hoja za ripoti, yaani amri zinazoitisha data. Tazama kurasa zilizopatikana kwenye kache na zilizokosekana. Ikiwa hoja moja inapitia jedwali zima, tafuta faharasa kwanza, yaani orodha inayoielekeza SQLite moja kwa moja kwenye mistari inayotakiwa. Nitumie namba hizo za kabla na baada, ndipo tuzungumze na tajiri wako habari ya kompyuta.