Mbwa aliyepigwa, kidonda hakisafishiki

SWALI: Najitolea kwenye kituo cha kutunza wanyama. Nimekabidhiwa mbwa aliyekuwa akipigwa. Ana kidonda pajani, lakini nikisogea tu anajibana ukutani na kunguruma. Nifanyeje?

JIBU: Usimkaripie kwa kunguruma. Hilo ndilo onyo lako. Akizoea kutonguruma, siku nyingine atauma bila taarifa. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, umrushie vipande vya chakula bila kumgusa. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Aje yeye. Ukifika wakati wa kumgusa, anzia kifuani au begani. Mkono unaoshuka juu ya kichwa kwake ni kipigo.

Kidonda nacho hakingoji urafiki. Mwombe daktari wa mifugo ampe dawa ya maumivu kwanza, maana ukali mwingi ni maumivu tu. Kisha mvalishe kifunga mdomo, mwenzako amshike. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, yapoe hadi uvuguvugu, mwagia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Spiriti weka mbali: inachoma na kuua nyama changa inayoota. Panadol za nyumbani usimpe kabisa (kwa paka ni sumu ya kuua).

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, je, umeshachanjwa?