Je, mcheza mieleka anaruhusiwa kuhamia mapigano ya MMA kwa malipo?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 22, nacheza mieleka. Promota amenipa mkataba wa mapigano ya MMA, yaani mchezo unaochanganya ngumi, mateke, kuangushana na kukabana. Wenzangu wanasema nisitie shaka, maana Khabib Nurmagomedov wa Dagestan alianzia kwenye mieleka na sambo (mieleka ya Kirusi), akastaafu akiwa bingwa asiyeshindwa katika mapambano 29, na huku anaswali na kufunga. Je, na mimi niishike njia hiyo?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Alhamdulillah, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mwanangu, mieleka yenyewe haina ubaya. Samura bin Jundub alipokataliwa kwenda Uhud kwa udogo wake, alishindanishwa mieleka na Rafi' bin Khadij mbele ya Mtume (s.a.w.), akamwangusha, naye akaruhusiwa. Kisa cha Rukana, aliyeangushwa na Mtume (s.a.w.) katika mieleka, pia ni mashuhuri, ingawa Tirmidhi aliitia kasoro isnadi yake (mlolongo wa wapokezi). Tatizo liko kwenye yale yanayoongezwa juu ya mieleka ukishaingia ndani ya uzio wa pambano la MMA.

Zito kuliko yote ni uso. Katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema: "Akipigana mmoja wenu, basi auepuke uso." Najua utaniambia kuwa wewe utaangusha na kukaba tu. Haiwezekani. Katika MMA, kumlaza mpinzani bila kumdhuru hakukupi alama za maana, kwa kuwa majaji hutanguliza pigo au mkabo ulioleta athari. Mwangalie huyohuyo Khabib: Oktoba 2018 alimmaliza mpinzani wake Conor McGregor kwa kumkaba raundi ya 4, lakini raundi ya 2 alimkalia chini akimshushia ngumi za uso. Na hata wewe usipopiga, umeshatia saini kwamba wako upigwe.

Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Makka mwaka 1987, liliharamisha ngumi, na pia mieleka huru ambayo kila mmoja anahalalisha kumdhuru mwenzake. Mieleka ya mazoezi isiyo na madhara iliruhusiwa. (Msiichanganye na mieleka ya mtindo huru ya Olimpiki, jina linafanana tu.) MMA haikutajwa, lakini sababu ya hukumu imo ndani yake kamili.

Jambo la pili ni kukata uzito, na hili vijana hulidharau. Mpiganaji hupimwa uzito siku moja kabla ya pambano, naye hutaka kilo zishuke haraka. Kwa hiyo hupunguza chumvi na wanga, hunywa maji mengi kwa siku kadhaa kisha huyakata ghafla, na kumalizia kwa sauna na maji ya moto ili atoe jasho la kilo kadhaa. Damu huwa nzito, figo huelemewa, moyo huenda mbio. Na asiyerudisha maji yote huingia ulingoni ubongo wake ukiwa hatarini zaidi kwa kila ngumi. Machi 2017 Khabib alikimbizwa hospitali akitafuta kilo 70.3 za kikomo cha uzito wake, pambano likafutwa. Allah amesema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195). Ukitaka kubaki katika mieleka, shindana katika uzito unaoufikia kwa chakula. Na kukata uzito si udhuru wa kula mchana wa Ramadhani. Wala usikubali kuvua nguo zote kwenye mizani kwa sababu ya gramu mia mbili. Utupu ni kati ya kitovu na magoti.

Malipo nayo yana maneno. Kwa kawaida mkataba hugawa fedha mafungu mawili: la kupanda ulingoni na la ushindi. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi'i, amezuia zawadi ya kushindania mieleka. Ibn Taymiyya aliiruhusu ikikusudiwa nguvu ya Uislamu. Hitilafu hiyo ni ya mieleka safi, haigusi ngumi za uso. Kisha soma kifungu cha wadhamini: mara nyingi utakuta kampuni ya kubashiri au ya pombe, na nembo yake utaivaa wewe.

Ama Khabib, mema yake tunayapenda. Alikataa wiski mbele ya kamera McGregor alipomwekea. Lakini baada ya ushindi ule aliruka uzio kuwavamia wa upande wa pili, akatozwa dola 500,000 na kufungiwa miezi 9. Kitendo cha Mwislamu, hata akiwa mwema, si dalili ya kisheria.

Kwa hiyo usiutie saini mkataba huo. Ujuzi wako una pa kwenda: mieleka ya Olimpiki, jiu-jitsu, na mashindano ya kukaba bila ngumi kama ADCC, yaliyoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1998. Uso haupigwi humo. Ukikabwa, gonga mkeka mapema, usisubiri kuzimia. Na mwenzako akigonga, mwachie papo hapo. Kwa kipato, fundisha mieleka: huo ni ujira wa kazi, nao ni halali bila ya hitilafu ile ya zawadi.

Wallahu a'lam.