Upande wa nyuma wa karatasi ya kura: majibu kwa ndugu zetu wa Minnesota

Wiki mbili hizi meseji zimekuwa nyingi, wengi mko Brooklyn Park, Brooklyn Center na huko Anoka, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: yale majina ya chini na ya nyuma kwenye karatasi ya kura, yasiyo na chama, ni ya akina nani na wanafanya kazi gani. Nimekaa kituoni siku ya kura mara kadhaa, ile kazi ya kukaa mezani na kutoa karatasi, na watu wetu wakitoka wananiambia wenyewe, dada nimemaliza rais na seneta, huko nyuma sijagusa, siwajui wale. Inaniuma kweli, manake wale ndo wanaotugusa kila siku. Nimefupisha maswali yenu, tuanze.

SWALI: Salamu dada. Kwetu Kenya karatasi ziko sita, kila mgombea na chama chake na alama yake, najua nampa nani. Hapa nikifika kwenye kaunti naona majina matupu. Chama wamekificha au vipi? (Baba wa watoto watatu, Brooklyn Park)

Hawajakificha kaka, ndo sheria ya jimbo ilivyo. Minnesota ina kaunti 87 na kote huko komishna wa kaunti, sherifu, mwanasheria wa kaunti, pamoja na bodi za shule na majaji, wanagombea bila chama kuandikwa pembeni ya jina. Ni jambo la zamani sana, lilianza enzi za mageuzi zaidi ya miaka mia iliyopita, watu walichoka kuona vyeo vya kazi za kawaida vinagawanwa na wakubwa wa vyama, na hata bunge lenyewe la jimbo kuanzia 1913 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa linachaguliwa hivohivo bila chama kwenye karatasi. Bunge likarudi kwenye vyama, kaunti zikabaki.

Tofauti yake utaiona ukikumbuka 2024, pale Huldah Hiltsley mzaliwa wa Kenya alipochaguliwa kuingia bunge la jimbo kutoka huku kwetu eneo la bunge 38A, jina lake lilikuwa na chama pembeni, DFL, ndo Democratic wa hapa Minnesota. Lakini jina la komishna wa kaunti kwenye karatasi hiyohiyo halina. Na usidhani vyama vimelala, vinaunga mkono watu wao hata kwenye viti hivi na vinagawa vipeperushi, ila karatasi yenyewe haisemi. Kitu kingine, majina yanazungushwa, kituo hiki fulani anaanza kituo kile anakuwa wa mwisho, kwahiyo kuwa juu hakumaanishi kwamba ndo mkubwa. Nimesikia watu wanasema nampa wa kwanza tu. Tafadhali msifanye hivo.

SWALI: Mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana nalala. Huyo sherifu na komishna wananihusu nini? (Mama, Brooklyn Center)

Mama, wanakuhusu kuliko seneta. Wewe ukienda pale Brookdale kuchukua vitabu vya watoto, maktaba ile ni ya kaunti. Ukivuka upande wa pili wa jengo hilohilo kurenyu leseni ya gari, ni kaunti. Shemeji yako akifika mgeni akaomba msaada wa chakula au bima ya afya ya serikali, fomu zake zinapita kaunti. Hospitali kubwa ya HCMC kule katikati ya Minneapolis, ambayo wengi wetu tumezalia watoto, nayo iko chini ya mfumo wa kaunti. Hayo yote pesa yake inapangwa na watu saba tu, makomishna wa Hennepin, ndo kaunti yetu sisi wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kila mmoja na eneo lake, muhula wa miaka minne, na pesa yenyewe sehemu kubwa ni kodi ya nyumba. Usiseme mimi napanga sina nyumba, mwenye nyumba kodi ikipanda anakuongezea wewe. Kila Novemba wenye nyumba wanapata karatasi ya posta ikionyesha kodi inayopendekezwa mwaka ujao na imeandikwa tarehe ya mkutano wa kwenda kulalamika, watu wengi wanaitupa pamoja na matangazo ya pizza.

Sherifu sasa. Polisi unaowaona barabarani Brooklyn Center ni wa mji, bosi wao ni mji, si sherifu. Sherifu wa Hennepin anaendesha jela ya kaunti, na mtu akitolewa kwenye apatimenti kwa amri ya mahakama wanaokuja kugonga mlango ni manaibu wake. Namna jela inavyoongea na watu wa uhamiaji, sera yake inategemea sana nani amekaa kile kiti, na kwa jamii yetu hilo si jambo dogo hata kidogo. Mwaka 2022 alichaguliwa Dawanna Witt, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kwenye kiti hicho. Kiti ni cha miaka minne, kwahiyo 2026 kinarudi kwenye karatasi.

Na mwanasheria wa kaunti, huyu ndo anaamua kesi kubwa zishtakiwe au zisishtakiwe, na karibu kesi zote za jinai za watoto chini ya miaka 18 zinapita kwake. Nimekaa na mama mmoja mahakamani, kijana wake wa miaka 15 alikamatwa ndani ya gari la wizi na wenzake, mama ameshika mkoba kwa mikono miwili ananiuliza kwa sauti ya chini, yule anayesimama upande ule ni nani, nani kamtuma. Nikamwambia mama, huyo anatoka ofisi ya mtu tuliyempigia kura. Akanyamaza. Yeye ni raia miaka tisa, na hakuwa anajua kwamba kile cheo kinapigiwa kura.

SWALI: Kwenye karatasi yangu kuna komishna wa Three Rivers Park District. Hiyo nayo ni serikali? (Kaka wa Osseo)

Ni serikali, ndogo lakini kamili, ina bodi yake na inachukua kodi yake. Marekani imejaa hizi, zinaitwa wilaya maalum, kila moja na kazi yake moja, nyingine maji, nyingine zimamoto, nyingine hospitali, nyingine mbuga. Hesabu ya serikali ya 2022 ilikuta ziko 39,555 nchi nzima wakati kaunti ziko 3,031 tu. Fikiria hapo.

Three Rivers inashughulikia mbuga za Hennepin nje ya Minneapolis, ilianzishwa 1957, bodi ina watu saba, watano tunawachagua sisi na wawili wanateuliwa na makomishna wa kaunti. Kama umeshawahi kwenda Coon Rapids Dam kwa upande wa Brooklyn Park, pale kwenye bwawa la Mississippi, Jumamosi ya mwezi wa sita utakuta wazee wa Kilaiberia na Wahmong na sisi tumepanga mstari na fimbo za kuvulia, watoto wanakimbia na baiskeli, mtu ana jiko lake la mkaa pembeni na nyama inanukia mpaka parking. Nani anaamua choo pale kiwe wazi, taa ziwake saa ngapi, masomo ya kuogelea kule Elm Creek yawe bei gani? Ni bodi hiyo. Sisi tunaitumia ile mbuga kuliko watu wengi halafu kwenye kura tunaruka, haiingii akilini.

SWALI: Huku kaunti ya Anoka kwenye karatasi kuna kitu cha udongo na maji. Niandike tu au niruke? (Dada wa Coon Rapids)

Hao ni wasimamizi wa wilaya ya kuhifadhi udongo na maji, wako watano, wazo lenyewe lilitoka miaka ya 1930 baada ya upepo kubeba udongo wa mashamba ya katikati ya Marekani. Wanashughulika na mito, visima, mmomonyoko, wanasaidia wakulima na wenye nyumba. Hennepin hawana tena bodi hiyo, kazi imechukuliwa na kaunti, ndo maana mwenzako wa Brooklyn Park haioni kwenye karatasi yake. Ukiwa umesoma habari za mgombea piga, ukiwa hujasoma kuruka kunaruhusiwa, kura zako nyingine zinahesabiwa kama kawaida.

SWALI: Nina grini kadi miaka sita. Rafiki anasema uchaguzi wa kaunti hauna chama kwahiyo hata asiye raia anaweza, ni mambo ya mtaa tu. Ni kweli? (Kaka wa Brooklyn Park)

HAPANA. Kaka nisikilize vizuri na mwambie na huyo rafiki. Hapa Minnesota asiye raia hapigi kura, si ya kaunti, si ya shule, si ya mbuga, hakuna. Na kosa si kupiga kura peke yake, hata kujiandikisha ukisema wewe ni raia wakati siyo, sheria ya uhamiaji ya 1996 inaweza kukufanya ufukuzwe nchini. Siku utakapojaza fomu ya uraia, N-400, wanakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na unajibu chini ya kiapo. Nimeona watu wazuri, wachapakazi, wamekwama hapo kwa sababu mtu wa kuandikisha wapiga kura, na kalamu na ubao wake, alikuja kwenye sherehe akawaambia sain hapa, wakasain.

Ukienda kuchukua leseni soma kila kiboksi. Ukipata kadi ya posta inayosema umeandikishwa na wewe si raia, usiitumie, usiende kituoni "kuuliza tu", tafuta wakili wa uhamiaji kwanza uende kwake na karatasi hiyo mkononi. Ila kuna mengi unaruhusiwa: kwenda mkutano wa makomishna ukaongea kwenye dakika za wananchi, kwenda bodi ya shule, kujitolea bila malipo kumgongea mgombea milango. Hakuna anayekuuliza uraia wakati wa kusimama na kusema barabara yetu haina taa.

SWALI: Agosti mwaka jana wa uchaguzi mashine ilinirudishia karatasi. Nilikosea wapi? (Mzee wa Brooklyn Center)

Pole sana mzee, na shikamoo. Mara nyingi ni hivi: karatasi ya mchujo wa Agosti ina sehemu mbili. Sehemu ya vyama lazima ubaki kwenye safu ya chama kimoja, ukijaza mmoja huku na mmoja kule hiyo sehemu inaharibika, mashine inakuonya na una haki ya kuomba karatasi mpya. Sehemu isiyo ya chama haina mambo hayo, unampa umtakaye, na kama vyama huvitaki kabisa unaweza kujaza hiyo peke yake ukaondoka. Kiti cha kaunti kinaingia mchujo kama wagombea ni watatu au zaidi, wawili wa juu ndo wanaenda Novemba. Kwahiyo wanaosema Agosti haina maana wanakuja Novemba wanakuta yule waliyempenda alishatoka, tena kwa kura chache.

SWALI: Bila chama nitajuaje nani ni nani? Mtu kanisani alinipa karatasi yenye majina, nifuate? (Mama wa Maple Grove)

Muulize kwanza nani kaiandika, mama. Kama hajui, iweke pembeni. Nenda tovuti ya Katibu wa Jimbo uweke anwani yako, inakutolea karatasi ya mfano ileile utakayopewa, iprinti. Halafu kila jina tafuta vitu viwili tu: kazi anayofanya sasa na nini alishafanyia watu wa hapa. Mimi huwa nakaa na wenzangu wanne mezani, chai na mandazi, tunagawana majina, kila mmoja anasoma matatu, saa moja unusu tumemaliza, tunabishana kidogo na kila mtu anajaza yake. Unaruhusiwa kuingia nayo kituoni. Kwa majaji utaona neno Incumbent pembeni ya jina, hilo maana yake ndo aliyeko kitini sasa, si kwamba jimbo linakushauri umchague. Wagombea wa kaunti hawaandikiwi.

SWALI: Mama yangu ni raia lakini Kiingereza hasomi. Naweza kuingia naye? (Binti, Crystal)

Unaweza mwanangu. Sheria ya nchi nzima inamruhusu mtu asiyeweza kusoma karatasi kuja na msaidizi anayemtaka, isipokuwa bosi wake wa kazi au wakala wa bosi huyo, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msomee yote, mpaka nyuma, kwa Kiswahili au Kikisii au chochote mnachoongea nyumbani, na uamuzi uwe wake. Kama hajajiandikisha anaweza siku hiyohiyo, na kama hana karatasi ya anwani jirani wa eneo hilo la kura aliyeandikishwa anaweza kumthibitishia kwa kiapo, jirani mmoja mwisho watu wanane. Milango inafungwa saa mbili usiku lakini aliyeko kwenye mstari saa hiyo anapiga, msikubali kuondolewa.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, raia, nataka siku moja kugombea bodi ya shule au hata kaunti. Ni kwa matajiri tu? (Kijana, Brooklyn Park)

Marahaba mdogo wangu, umenifurahisha. Ada ya kujaza fomu ya kiti cha kaunti ni dola 50, ya udongo na maji dola 20, ya bodi ya shule dola 2. Uwe na miaka 21 siku ya kushika kiti na uwe umekaa eneo lako siku 30 kabla ya uchaguzi. Fomu za kaunti zinafunguliwa mwezi wa tano mpaka mwanzoni mwa wa sita, za shule inategemea wilaya yako, wengine wanachagua miaka isiyogawanyika kwa mbili, wapigie simu ofisi ya wilaya. Kabla ya hapo hudhuria mikutano mitatu minne ya bodi, kaa mbele, andika. Na siku ya kujaza angalia sana ile sehemu ya jina, manake litachapwa kwenye kila karatasi vilevile ulivyoliandika, kwahiyo andika lile ambalo watu wa mtaani wanakuita.